Siku Tulipowaita Wachumaji Barazani

Tulipolinunua lile shamba la pareto, upande wa Kaptagat, tulinunua pia mazoea yake, ingawa jambo hilo hatukulitambua upesi. Sisi wanahisa tulikuwa wakulima, wenye maduka na walimu. Mimi, mwalimu, nilikuwa katibu. Wachumaji walikuwa wakituacha mmoja mmoja na kwenda kwa majirani, huku maua yakikomaa na kunyauka shambani. Mwenyekiti wetu akaamua tuwaulize wanawake waliobaki ni nini kilichokuwa kikiwachosha.

Tukawaita barazani, kwenye nyumba ya mzungu aliyetuuzia. Hapo ndipo tulipokosea. Zamani zake, mfanyakazi hakuitwa kwenye baraza ile ila kwa kufukuzwa. Basi walikuja wamefunga mablanketi yao, kila mmoja na sufuria yake mkononi, wakasimama chini ya ngazi kama watu wanaongoja lori.

"Semeni bila hofu," mwenyekiti alisema.

Nyuma yao alisimama nyapara, tuliyemrithi pamoja na shamba, naye sasa alikuwa na hisa kama sisi.

"Hawana shida hawa, Mzee," alisema. "Wakishiba, wanalala."

Mama mmoja kijana akasogea mbele. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Mzee, mtoto wangu yuko kambini tangu asubuhi. Lango linafungwa mpaka magunia yapimwe. Analia upande ule wa waya, nami namsikia nikichuma."

"Mama," nyapara akamkatiza, "nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ni yenu. Ndiyo maana nimekuja na sufuria."

Mwenyekiti alimtazama nyapara. Nilijua alichokuwa akikipima: nyapara ndiye pekee aliyeijua tanuri ya kukaushia maua, na akituacha katikati ya mavuno, yatatuozea. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kusema, na wenzake wote walikuwa wakitazama kama angelala kwake usiku huo.

"Leta ufunguo wa lango," mwenyekiti alimwambia nyapara.

"Na wakiiba maua?"

"Utaniuliza mimi. Leta."

Nyapara aliutoa, akauweka ukingoni mwa ngazi badala ya kuutia mkononi mwa mwenyekiti. Mwenyekiti aliinama akauokota, akashuka, akampa yule mama.

"Nenda ukamnyonyeshe. Nyumba ni yako. Atakayekutoa aje kwangu kwanza."

Mama hakushukuru. Alikwenda mbio, na hatukusikia kitu ila mlio wa mnyororo ukianguka. Nyapara alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mwenyekiti maneno yale. Nami nilidhani mkutano umekwisha, hata mwanamke mwingine, mzee kuliko wote, alipotua blanketi lake chini na kuvuta pumzi.

"Na ile mizani inayotupunja, Mzee," alisema, "tuanze nayo sasa, ama tungoje huyu nyapara aondoke?"