Utoro wa Mezani

Miaka kumi na mmoja Mtambo alipiga makasia katika timu ya taifa, na katika miaka yote hiyo kazi iliyomtoa jasho kuliko zote ilikuwa kula. Asubuhi mayai manane na uji lita nzima, kisha wali na nyama mara tatu kutwa, na maziwa kabla ya kulala. Mwalimu wao alisimama mlangoni pa bwalo akikagua sahani. Kubakiza chakula alikuita utoro, na mtoro alizungushwa uwanja mara kumi papo hapo. Kusema umeshiba hakukusaidia kitu.

"Shibe ni ya raia," Mwalimu alikuwa akisema.

Bega lilipoharibika, wakuu wa timu wakampa barua ya shukrani, jaketi na makofi. Makasia aliyaacha bandani, lakini njaa ilimfuata mpaka nyumbani. Tumbo halikupewa barua! Kila saa ya bwalo ilipofika lilidai chake, na yeye sasa alikuwa fundi wa majokofu, kutwa amechuchumaa nyuma ya mashine za watu. Katika miaka mitatu aliongeza kilo arobaini na tano. Magoti yakaanza kulia, presha ikapanda, na majirani wakapata la kusema: "Mtambo umekuwa trela!" Alicheka nao. Kicheko chenyewe kilimkera.

Ndipo klabu ya makasia ikatangaza nafasi ya mwalimu msaidizi. Mtambo aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, maana mtoni ndiko mahali pekee alipowahi kujiona anajua jambo. Mkewe alimsogezea vifungo vya shati ili limtoshe, naye akaenda kuiomba.

Aliyekuwa nyuma ya meza ni Mwalimu yuleyule, sasa mkurugenzi. Alimpima kwa macho juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Umejiachia, ndugu yangu. Vijana watajifunza nini kwako? Mwanamichezo ni nidhamu."

Nidhamu! Mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakubakiza hata punje ya wali, anaambiwa hana nidhamu, na aliyemlisha ndiye anayemwambia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tumbo lile walililea wao.

"Mwalimu, kula mlinifundisha," Mtambo alisema. "Kuacha alinifundisha nani?"

"Hilo ni la mtu mwenyewe."

"Kula hakukuwa jambo la mtu mwenyewe! Mlikuwa na ratiba ukutani. Ya kupunguza iko wapi?"

Mwalimu alijikuna kidevu. "Kusema kweli, haipo."

"Basi niajiri niiandike."

"Punguza kwanza, kisha uje."

Mtambo alirudi nyumbani kwa miguu, hasira zikimsukuma. Mkewe alipomwona tu alijua.

"Wamekukatalia?"

"Wamenikatalia. Lete daftari la mtoto, mke wangu. Kama hawataki kuiandika, nitaiandika mimi, niwapelekee bure. Wale walioko bwaloni sasa hivi wasije wakafanywa kama mimi."

Aliketi, akaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA KWANZA BAADA YA KUSTAAFU, ASUBUHI. Akaweka nukta mbili. Mkewe alisimama nyuma yake akingoja kuona kinachofuata, na kalamu haikusogea.

"Andika basi," mkewe alisema taratibu.

"Sijui," alisema Mtambo. "Mke wangu, mimi sijui mtu wa kawaida anakula kiasi gani."