Kidole cha Pete

"Huyu mzee wa sinema ni mvivu!" Abdiweli alitangaza katikati ya ukumbi wa video pale mjini Maua. "Mimi askari wangu ningemmaliza kabla chai haijapoa!"

Kwenye skrini, Myahudi aliyenusurika kambi ya Hitler alikuwa akizunguka Ulaya na mwanawe, wakimsaka mlinzi wa kambi ile. Ukumbi mzima ulicheka, mashavu yamejaa miraa. Nuh, mwanawe Abdiweli, hakucheka. Alijua askari huyo wa babake yupo kweli. Mwaka wa 1984, kwenye uwanja wa ndege kule Wajir, jeshi lilipowakusanya wanaume wa Kisomali, askari asiye na kidole cha pete alimvua babake nguo na kumlaza kifudifudi juani siku nne. Ndugu wawili wa Abdiweli hawakuinuka. Tangu hapo salamu zake zilikuwa ukaguzi: vidole kwanza, jina baadaye.

Wiki hiyo baba na mwana walishuka soko la Kiritiri kununua mbuzi. Mzee wa Kimbeere aitwaye Naftaly, meno matatu na domo la watu saba, alikuwa na beberu mnene. Mkono wake ulishafichwa ndani ya koti alilolivua.

"Warya, leta mkono! Tupatane Kisomali, madalali wasione."

Yaani kubanana vidole chini ya nguo mpaka bei ikubaliwe, kimya.

"Nani alikufunza?" Abdiweli akauliza.

"Si nyinyi! Nilikuwa askari Wajir, themanini na nne, pale uwanja wa ndege. Wacha! Mlikuwa wagumu kufa!" Akacheka peke yake.

Abdiweli akaingiza mkono. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Halafu kisiki.

Akaung'ang'ania mkono ule. Nuh aliona uso wa babake umekuwa majivu, akashika mpini wa kisu cha kuchinjia.

"Aabo, ni yeye?"

"Pole pole, mzee wangu," Naftaly akalalama. "Siku hizi hata kikombe nashikiwa."

Kweli, ulikuwa mkono wa mifupa mitupu, ukitetemeka wenyewe. Miaka arobaini Abdiweli alikuwa amejiandaa kuvunja mkono wenye nguvu.

"Aabo! Ni yeye?"

Akisema ndiyo, Nuh atachoma kisu, na jela itammeza akiwa na miaka ishirini na sita. Uwanja ule ulishachukua wawili.

"Siye," Abdiweli akasema. "Rudisha kisu."

Akabana vidole mara ya mwisho. Naftaly akatikisa kichwa kukubali, akamwombea baraka za Mungu.

Beberu alikuwa shilingi elfu tisa.