Perpétue na Nguo Nane za Opera

Oktoba ya mwaka 2011, Perpétue alikuwa anamaliza miezi sita ya majaribio katika chumba cha mavazi cha nyumba ya opera iliyo katikati ya Stockholm. Utaratibu ulikuwa wazi: miezi sita ikipita bila bosi kukuambia uende, unakuwa mfanyakazi wa kudumu. Gunilla, mkuu wa mavazi, hakuwa amesema lolote, la kubaki wala la kwenda, na kimya chake kilimkosesha Perpétue raha kuliko maneno.

Sababu alikuwa nayo. Tangu atoke Uvira, Kongo, na watoto wake wawili, miaka saba nyuma, alikuwa amefanya kazi za kushikiza tu. Alisafisha vyumba vya hoteli kule Märsta, akaosha masufuria katika jiko moja Flemingsberg. Kazi ikiisha, na chumba walichopangishwa na mtu huisha. Watoto walikuwa wamehama mara sita, na kila mara Annick, mkubwa, alianza shule akiwa mgeni. Sasa kampuni ya nyumba ilikuwa tayari kumpa nyumba ya vyumba vitatu kule Skärholmen, mkataba kwa jina lake mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, awe ameleta barua ya kazi ya kudumu. Asipoleta, nyumba inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni.

Kwa hiyo wiki ile alifanya kazi kama mtu anayepimwa kwa mizani. Alifika kabla ya wote. Alipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia meza. Milcah, Mkenya aliyekuwa amemwonyesha kazi hiyo, alimcheka.

“Mama Annick, ukiendelea hivi utapiga pasi mpaka pazia la jukwaani, na sisi ndani yake.”

“Cheka tu, dada. Wewe una barua yako.”

Onyesho lililokuwa likiandaliwa halikuwa la kuimba. Lilikuwa la dansi, ile dansi ya siku hizi ambayo Perpétue, akichungulia kutoka pembeni mwa jukwaa, hakuweza kuielewa. Watu wanane walitembea pekupeku, wakaanguka, wakaburutana, wakainuka, kisha wakaanza kujikung’uta kama walioingiliwa na siafu. Muziki ulikuwa mngurumo. Milcah alimweleza kwamba ni habari ya watu waliofukuzwa makwao na wako njiani.

“Njiani kwenda wapi?”

“Hawajafika. Ndiyo onyesho lenyewe.”

Jumatatu mchana nguo za wachezaji hao zilishushwa kutoka chumba cha rangi, zimetundikwa kwenye reli yenye magurudumu. Gunilla alisema, “Zipige mvuke tu, mikunjo itoke,” akaenda kwenye mkutano. Milcah alitia sahihi kwenye karatasi ya kupokelea, kisha akaitwa juu kuwapima waimbaji kofia. Perpétue akabaki peke yake na nguo.

Alizitazama akashtuka. Magauni manne, mashati manne, yote machafu. Upindo umekakamaa kwa matope. Makwapa yana rangi ya chai. Gauni moja lilikuwa limechanika begani. Akafikiria ngazi za mbele zenye dhahabu, na taa kubwa inayoning’inia juu ya viti vyekundu, na wale wasichana wembamba wakisimamishwa mbele ya watu waliovaa vizuri, wao wenyewe wakiwa hivi. Kwao, mtoto akitoka mlangoni mchafu, hakuna anayemsema mtoto. Wanauliza, huyu hana mama? Gunilla hajaziona, akajiambia. Angeziona asingesema mvuke tu.

Tena palikuwa na Ijumaa. Gunilla akirudi akute kazi ambayo hakuiomba, imekamilika, atasahau kweli kuandika barua?

Hakutia kwenye mashine, maana kitambaa kilikuwa chepesi. Alizifua kwa mkono katika sinki kubwa, kwa sabuni ya kipande na brashi laini, nguo moja baada ya nyingine, na yale maji ya kahawia yalipoanza kutoka moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza siku nyingi. Alilishona lile bega kwa mishono midogo isiyoonekana. Saa kumi na moja nguo nane zilikuwa zinaning’inia safi, zinanukia, mikunjo hakuna. Akaenda nyumbani akapika maharage, akaimba.

Jumanne saa tano asubuhi, masaa matano kabla ya mazoezi ya mwisho yenye mavazi, Milcah alifunua reli. Akafunga mlango kwa mgongo wake.

“Mama Annick. Haya matope yameenda wapi?”

“Niliyatoa.”

“Uliyatoa! Woi, uliyatoa!” Milcah alishika kichwa. “Hayo matope yalichorwa! Torun amekaa wiki tatu na burashi ndogo kama ya kucha, anachora uchafu. Leo ndiyo ilikuwa wayakaushe kwa joto yasitoke tena.”

“Mtu anachora uchafu?”

“Ndiyo kazi yake! Analipwa!” Milcah alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kisha akaacha kucheka. “Sikia. Nyamaza. Tutasema rangi ilikuwa mbaya, ikadondoka na mvuke. Nani atajua?”

Perpétue alikuwa amelishika lile bega aliloshona.

Torun, mbunifu wa mavazi, aliingia na Gunilla nyuma yake. Aligusa gauni la kwanza, la pili, akaligeuza bega. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua karatasi ya kupokelea, akasoma jina lililokuwa pale, akamgeukia Milcah.

“Milcah. Miaka kumi na moja uko hapa. Umefanya nini?”

Milcah alitazama sakafu. Perpétue akangoja aseme, akaona hasemi. Hakusema rangi, hakusema mvuke, na jina la rafiki yake hakulitaja. Ndani ya kichwa Perpétue aliona vyumba vitatu vya Skärholmen vikizimwa taa, kimoja, kingine, kingine.

“Ni mimi,” alisema kwa Kiswidi chake kifupi. “Milcah alikuwa juu. Mimi nilifua. Kwa mkono. Na bega nilishona.”

“Nilisema mvuke,” Gunilla akasema.

“Ulisema. Nilisikia.”

“Basi kwa nini?”

Alitafuta maneno ya Kiswidi hakuyapata yote. “Niliona aibu kwa ajili yao.”

Torun alikaa kwenye kiti cha kushonea akaficha uso. Halafu akainuka, akakunja mikono ya shati, akaagiza ndoo, rangi na taa za kukaushia. Kila aliyekuwa na mikono aliitwa. Perpétue alipewa kulishonoa bega, na kazi hiyo ilimuuma kuliko kufokewa. Meza ya jirani, mtu mmoja alikuwa anapaka matope kwenye magoti ya gauni, yote mawili sawasawa. Perpétue alijizuia, akashindwa.

“Huyu ndiye anayembeba mwenziwe mgongoni?”

Torun alitikisa kichwa kukubali.

“Ukiwa umebeba mtu, unapiga goti moja. Ukipiga yote mawili, huinuki tena.”

Torun alikuwa bado amekasirika. Hata hivyo akachukua kitambaa akafuta goti la kulia. Perpétue alitaka kusema na habari ya upindo pia, lakini Torun aliinua kidole. “Imetosha.”

Saa kumi wachezaji walipanda jukwaani na nguo ambazo zingine zilikuwa bado mbichi.

Alhamisi Gunilla alimwita ofisini. Perpétue alikwenda akiwa tayari amevaa koti.

“Vua koti,” Gunilla alisema. “Kazi utabaki nayo. Ila si na mavazi ya jukwaani, mpaka nikuambie. Utakuwa chini, kwenye kufua. Taulo, soksi ndefu, nguo za ndani za kwaya. Huko fua upendavyo.”

“Zote?”

“Zote. Na nikisema mvuke?”

“Ni mvuke.”

Barua ilikuwa na mistari minne na mhuri. Aliisoma ndani ya treni, akairudisha kifuani, akaitoa akaisoma tena, kisha akaificha, maana aliona mtu wa kiti cha mbele anaitazama na akaogopa. Ijumaa saa tatu asubuhi aliikabidhi kwenye dirisha la kampuni ya nyumba, Skärholmen, kwa mikono miwili. Alipotoka nje alimpigia Annick, ambaye alikuwa kwenye mapumziko ya shule.

“Tumepata, mwanangu.”

Kukawa na kelele za watoto wengine, kisha Annick, ambaye nyumbani humjibu mama yake kwa Kiswidi siku zote, aliuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

“Hiki chumba changu… kina mlango?”

“Kina mlango.”

“Na ufunguo?”

“Ufunguo nitauliza,” Perpétue alisema, akageuka akarudi dirishani.