Shabiki Pekee wa Roki Rwamgasa

Chekeni mtakavyo, muziki wa roki siachi. Bosi wa redio yetu hapa Geita alitaka kukifuta kipindi changu, eti hakina msikilizaji hata mmoja. Nikaambiwa kuna Mama Nkwimba wa Rwamgasa, kila nikiingia hewani anafungulia redio shambani mpaka mwisho. Nikambeba bosi hadi kwake, nikamwekea mama maikrofoni, tukaenda moja kwa moja hewani.

"Shikamoo, mama. Unakipendea nini kipindi changu?"

"Marahaba. Kukipenda tena, mwanangu? Mimi nalinda mpunga. Hayo magitaa yako yakianza tu, ndege wote wanakimbia. Ikija kwaya, wanarudi."

Bosi akanitazama. Nikaivuta maikrofoni.

"Wakulima, mmesikia wenyewe. Kesho sauti juu!"