Mbarouk na Mashine ya Karata

Mgongo wa Mbarouk, mchukuzi wa bandarini Malindi, umebeba nusu ya mchele unaoliwa mjini, na haujawahi kumwinamia mtu. Kwenye karata ndiyo kabisa, usimguse. Kila jioni yeye na mwenzake Pandu hucheza barazani Jang'ombe, bila ya kuwekeana hata senti, na wapinzani wao huondoka wamenuna.

Siku moja Pandu alimjia na fedha za vespa yake mfukoni. Vespa hiyo ndiyo iliyokuwa ikisambaza mikate na kulisha watoto wake. Ameiuza ili anunue mpya. Lakini amesikia kuna hoteli ina mashine ya karata, na zawadi yake kuu hupanda kila anapofungwa mtu.

"Imenona, bwana! Na nani anazijua karata kuliko sisi?"

"Imenoneshwa na nini?"

"Na hela za waliofungwa."

"Basi wewe unakwenda kuwa majani yake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu la Pandu lina watoto wanaolitegemea. Mbarouk alimfuata huku akifoka njia nzima.

Hotelini, mashine ilikuwa kioo tu. Inakupa karata tano, unabakisha uzitakazo, inakubadilishia nyengine. Zawadi kuu ilitaka mfululizo wa kopa, kuanzia kumi mpaka ree, ile yenye herufi A.

"Tangu nishike karata, mkono huo sijaupata," Mbarouk alisema. "Wewe umewahi?"

"Ndiyo maana imenona."

"Ndiyo maana hailiwi!"

Pandu alikwishakaa, anatoa fedha. Mbarouk akavuta kiti ubavuni mwake, akamtangulia kwa noti yake mwenyewe, akabonyeza. Zikaja takataka. Akabadilisha, zikaja takataka nyengine. Akasimama.

"Kaa, mzee," alisema msimamizi wa chumba cha mashine. "Zawadi bado inapanda."

"Nshafungwa."

"Endelea tu, hapa hafukuzwi mtu."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Barazani kwetu wawili wakifungwa huinuka wote wawili, wakawapisha wengine. Hata awe sheha, mkuu wa mtaa, huinuka. Kiti kisichomfukuza aliyefungwa kina nia mbaya naye.

"Tumefungwa, Pandu. Inuka."

"Mimi hata sijacheza!"

"Mwenzako kafungwa. Tangu lini mimi nkasimama, wewe ukabaki umekaa?"

Pandu aliitazama ile namba inayopanda. Alitaka kubaki, na uso wake haukuficha. Kisha akazirudisha fedha mfukoni, akainuka.

"Waoga nyinyi!" msimamizi akawacheka.

Mbarouk aligeuka mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyekaa chumbani:

"Mwoga wewe, unayeogopa watu wakisimama."