Nani Atakamua Ng'ombe wa Mama Sein?

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha macho, Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bosi wangu, Afisa wa Macho wa Wilaya, alinikabidhi tochi, miwani ya kukuza na onyo moja. "Sista, mgonjwa akikataa, usimkemee. Muulize kwa nini."

Nikaitikia ndiyo. Lakini mdomo wangu, tangu zamani, hauna adabu.

Ninyi wauguzi wa leo huenda trakoma mmeisoma tu. Ni maambukizi yanayoenezwa kwa mikono, leso na nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani. Ukubwani makovu hayo huvuta ukingo wa kope, na nywele zake zikakwaruza jicho kila anapopepesa. Watoto tuliwapaka tetrasaiklini, marhamu ya manjano. Miaka ya baadaye zikaja tembe, na kipimo cha dawa cha kila mtu tukakisoma kwenye fimbo ya kupimia urefu wake badala ya mizani. Tulihubiri kunawa uso, tena kwa watu waliofuata maji kwa punda nusu siku. Wale ambao kope zao zilishageuka, tiba yao ilikuwa upasuaji mdogo.

Mama Sein, mjane wa upande wa Namanga, alivaa kibano shingoni katikati ya shanga zake, cha kung'olea nywele hizo za kope. Nilimwambia tutampasua macho yote mawili na kuyafunga hadi kesho yake. Akakataa.

"Basi kaa upofuke!" nikafoka. Akaondoka.

Alirudi mwaka uliofuata, jicho la kulia limekufa, jeupe. Ndipo nikamuuliza kwa nini alikataa.

"Si ulisema unafunga yote? Sasa ng'ombe nani atakamua? Watoto wangu iko wadogo. Wangekunywa nini?"

Nililia. Kumbe tungeweza kumpasua jicho moja moja tangu mwanzo.

Sasa lilibaki la kushoto, na kulifunga ni kumtia gizani.

"Nitakamua mimi," nikasema.

Mama Sein akacheka. "Wewe? Huyo anapiga teke mtu hajui."

Tulimpasulia bomani kwake, baada ya kukamua asubuhi. Jioni nikachuchumaa, na teke la kwanza likamwaga kibuyu. Mama Sein akaja akipapasa ua, jicho limefungwa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akamwimbia polepole. Maziwa yakashuka.

Nimestaafu, naishi Noonkopir. Jicho lile la kulia bado linaniuma mimi kuliko mwenyewe. Ulizeni, wanangu, kabla ya kufoka.

Juzi nilisikia nikisalimiwa kwa Kimaasai kutoka barabarani. "Takwenya!"

"Iko!" nikaitikia mlangoni kwangu, nikitabasamu.

Mama Sein alikuwa bado ng'ambo ya geti. Alinikagua kutoka huko huko, akatikisa kichwa.

"Sista, umezeeka mbaya sana. Hata jino moja imeenda."