Mlima Umetulia, Nyumba Je?

Kila ardhi ikitikisika hapa Arusha naikumbuka siku ile kijijini kwetu Akheri, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa nguvu. Unatoka mbio, unautazama Mlima Meru, huoni moshi, basi unarudi ndani kumalizia chai. Unanichosha.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, saruji imejaa madukani. Baba alikuwa ametujengea nyumba ya matofali ya saruji, ila hakuweka lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta. Nilikuwa likizo, nasoma sekondari. Asubuhi tetemeko likapita, ukuta wa chumba cha bibi ukapasuka kutoka dirishani hadi juu. Bibi alikuwa mgonjwa. Tukamtoa, tukamlaza migombani. Baba akasimama uani akiukodolea macho mlima. Alipoona kilele kimetulia, akambeba mama yake amrudishe kitandani.

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba si kila tetemeko ni la volkano. Miamba huko chini husukumana miaka mingi, na siku ikishindwa kuvumilia hukatika na kuteleza kwenye ufa. Pale inapokatikia panaitwa kiini. Juu yake moja kwa moja, huku tunakokanyaga, ndiko kitovu. Mawimbi husambaa kutoka kiini, na hayo ndiyo yanayotikisa nyumba. Kisha miamba ikiwa inajipanga upya, matetemeko mengine hufuata. Na ukubwa hupimwa kwa mashine, haupimwi kwa kutazama kilele! Baba akasema amezaliwa chini ya mlima huu, hafundishwi tabia zake.

Nikaketi mlangoni, nikanyoosha miguu. Kwetu ni mwiko baba kuruka miguu ya binti yake. Akanigombeza, bibi yuko mikononi mwake, mpaka nikalia kwa hasira. Sikuondoka.

Ardhi ikatikisika tena, safari hii kwa nguvu ndogo. Ule ukuta ukaangukia kitanda cha bibi, vumbi likatufikia mlangoni.

Baba akamlaza bibi chini polepole. "Ningemuua mama yangu," akasema.

Kwa hiyo nakuomba, na nimechoka kukuomba: ardhi ikitikisika, kaa nje, mbali na kuta. Usiwarudishe watoto ndani mpaka fundi azikague nyufa. Unalala chini ya ukuta wako, hulali chini ya kilele. Mungu akulinde wewe na wanao, na akujalie kunisikia wakati bado nina nguvu za kusema.